Kihonda au Bigwa? Kupima chuo cha ufundi kabla ya kulipa ada

Mkoa wa Morogoro una aina mbili za vyuo vya ufundi vya serikali, na mzazi anayevitazama kutoka barabarani hana namna ya kuvitofautisha. Kuna vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi: Kihonda katika manispaa, Dakawa kwenye barabara ya kwenda Dodoma, na Mikumi jirani na hifadhi. Halafu kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo wengi tumezoea kuviita FDC: Bigwa chini ya milima ya Uluguru, Kilosa, Ifakara, na Sofi kule Malinyi. Vibao vya getini vinakaribiana: ushonaji, useremala, uashi, umeme wa majumbani, uchomeleaji, magari. Karakana ni yaleyale mabanda marefu ya bati, bendera ileile inapepea, na ndani vijana wamevaa ovaroli za bluu ambazo zimeshafuliwa mara nyingi.

Kwa hiyo swali hurudi kila msimu wa kujiunga: kipi bora? Wanaouliza hawafurahii jibu langu, kwa sababu nami nawarudishia maswali: bora kwa fani gani, na anayekwenda kusoma ni nani? Wanadhani nakwepa. Ukweli ni kwamba aina hizi mbili za vyuo zilijengwa na watu waliokuwa wanawaza mambo mawili tofauti, na mpaka leo, licha ya juhudi za kuvifananisha, kila kimoja kinafanya vizuri kile kilichozaliwa kukifanya.

Nianze na FDC, maana ndizo zisizoeleweka. Wazo lake lilitoka mbali. Huko Denmark, mchungaji na mwandishi N. F. S. Grundtvig alipigania shule za watu wazima wa vijijini zisizo na mitihani, ambamo mkulima angesoma historia, nyimbo na mambo ya uraia ili ajue kusimama mbele ya wakubwa. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Sweden ikafuata mwaka 1868. Karne moja baadaye Mwalimu Nyerere akavutiwa na vyuo hivyo vya Sweden, na mwaka 1975, wakati nchi ikiwa katikati ya kampeni za kisomo, Tanzania ikaanzisha vyake kwa msaada wa Waswidi. Havikujengwa vyote upya. Vingi vilirithi vituo vya mafunzo ya vijijini vilivyokuwepo tayari, vikapakwa rangi na kupewa kazi mpya. Mwishowe vilifika 54 nchi nzima.

Utaratibu wa mwanzo ungemshangaza kijana wa leo. Mwanafunzi hakujiombea nafasi. Kijiji ndicho kilichomchagua, kikamtuma akajifunze kile kilichopungua pale: fundi wa kujenga ghala, mtunza duka la ushirika, mama wa kuendesha kituo cha watoto. Akimaliza anarudi. Hakukuwa na mtihani wa taifa wala cheti cha kumfungulia mlango wa kiwanda Dar es Salaam, na hilo lilikusudiwa. Cheti kingemwondoa kijijini. Alirudi na ujuzi na barua ya kuhudhuria, basi.

VETA ni mtoto wa zama nyingine. Sheria iliyoiunda ni ya mwaka 1994, wakati viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa na mashirika yanapunguza watu. Serikali ilitaka mafunzo yaelekezwe kwenye soko la ajira, na ilitaka waajiri wachangie. Ndiyo asili ya tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL ambayo kila mhasibu wa kampuni anaijua: mwajiri analipa sehemu fulani ya jumla ya mishahara ya wafanyakazi wake. Iliwahi kufika asilimia 6, ikashushwa kidogokidogo hadi 3.5 mwaka 2023. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ya fedha hiyo ndiyo iliyokwenda VETA na theluthi mbili zikaelekezwa kwenye mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu, jambo ambalo waajiri hawajaacha kulilalamikia. Wana haki. Tozo iliyoanzishwa kwa ajili ya fundi spana ikaishia kumlipia ada mwanasheria.

Hata hivyo theluthi moja ya fedha yenye chanzo cha kudumu ni bora kuliko ahadi. Hapa ndipo njia za vyuo hivi viwili zilipoachana. FDC hazikuwa na tozo. Msaada wa Sweden ulipopungua katika miaka ya 1990, zilibaki kutegemea bajeti ya wizara, shamba la chuo, na ukumbi wa kukodisha kwa harusi na semina. Juu ya hayo zikahamishwa: mwanzoni mwa miaka hiyo ziliondolewa wizara ya elimu zikapelekwa kwenye wizara ya maendeleo ya jamii, na mwaka 2016 zikarudishwa elimu. Anayejua namna ofisi zetu zinavyohama anaelewa maana yake: mafaili, magari na walimu wazuri havifiki vyote upande wa pili.

Sasa twende karakana, maana ndiko ninakotaka mzazi atumie muda wake mwingi.

Watu hupima chuo kwa majengo na mashine. Mashine ni muhimu, lakini mashine hununuliwa mara moja, mara nyingi na mradi au mfadhili, na siku ya uzinduzi hupigwa picha. Kinachomfanya kijana awe fundi ni vitu vinavyokwisha: mbao, waya, vijiti vya kuchomelea, kitambaa, saruji, mafuta ya injini. Hivyo hakuna mfadhili anayevipenda, kwa sababu mwakani havitakuwepo vya kuonyeshwa. Chuo kinatakiwa kivinunue kila muhula kwa fedha zake. Ukitaka kujua hali ya chuo, usiulize kina mashine ngapi za kuranda mbao. Uliza kila mwanafunzi wa useremala alipewa mbao futi ngapi muhula uliopita, kisha mwangalie mwalimu usoni.

Wala fani zote hazili sawa, na jambo hili ndilo linalogeuza ulinganisho wote wa Kihonda na Bigwa. Chukua uashi. Vijana wanajenga ukuta, mwalimu anaupima kwa timazi na pima maji, anaweka alama, kisha wanaubomoa na kuanza upya. Kama udongo wa kujengea umechanganywa na chokaa badala ya saruji, matofali yaleyale yatatumika mwaka mzima. Chuo maskini kinaweza kutoa mwashi mzuri sana, almuradi kina mwalimu asiyechoka kubomoa. Ushonaji nao unavumilia umaskini kwa kiasi: miezi ya mwanzo binti anajifunza kunyoosha mshono kwenye karatasi za mifuko ya saruji, na baadaye nyumbani wanamtumia vitambaa vya sare za wadogo zake. Ataharibu kimoja, viwili. Mama atagomba. Lakini atajua kukata.

Useremala hausamehe. Kiungio cha ulimi na tundu kikishakatwa vibaya, ule mti umekwisha, na kijana asiyekata viungio vingi vibovu hatakata kizuri. Uchomeleaji ni hivyohivyo, tena mbaya zaidi, kwa kuwa unakula vijiti, chuma na umeme kwa pamoja. Nimewahi kukaa kwenye karakana (si lazima nitaje ya wapi) nikaona vijana wengi wamezunguka mashine moja ya kuchomelea, mmoja ameshika, wengine wanatazama cheche kupitia kioo kimoja wanachopokezana. Wale hawakuwa wanajifunza kuchomelea. Walikuwa wanahudhuria.

Umeme wa majumbani uko katikati: waya za ubao wa mazoezi hufungwa na kufunguliwa, ila swichi na vikatizi vya umeme huchoka na kuungua. Magari ni kisa kingine. Injini moja ya zamani inaweza kufunguliwa na kufungwa na vizazi kumi vya wanafunzi, na vyuo vyetu karibu vyote vina injini ya namna hiyo imelala kwenye meza ya chuma. Tatizo ni kwamba gari linaloingia gereji leo pale Msamvu, mjini Morogoro, lina kompyuta, na hitilafu yake husomwa kwa kifaa. Aliyefundishwa kwa kabureta tu ataanza upya kwa fundi wa mtaani.

Kutokana na hayo nasema bila kuogopa: kwa uashi na ushonaji, FDC iliyo karibu na nyumbani mara nyingi inatosha, na mzazi anayeiruka na kumpeleka mtoto mbali kwa sababu ya jina la VETA anapoteza fedha. Kwa uchomeleaji, useremala, magari na zana za kilimo, kwenda mbali kuna mantiki, kwa sababu chuo chenye chanzo cha fedha kinaweza kununua kile kinachokwisha. Kihonda, ambayo wengi wanaifahamu kwa zana za kilimo, ipo katika mkoa wenye mashamba makubwa ya miwa Kilombero na Mtibwa na skimu ya mpunga Dakawa. Trekta na mashine za kukoboa hazikosi kuharibika. Anayejua kuzitengeneza hatakosa mteja katika mkoa huo.

Kuna vyuo vinavyopunguza gharama kwa kuchukua kazi za nje: madawati ya shule ya msingi, milango ya zahanati, sare. Napenda utaratibu huo kuliko hotuba zote za elimu ya kujitegemea, kwa sababu kijana anafanya kazi ya mteja wa kweli, mwenye haraka na mwenye jicho. Lakini una mtego wake. Mkuu wa chuo akishaonja mapato, kazi ya madirisha themanini hupewa wale watatu wanaojua tayari, na waliobaki hupiga msasa. Ukipita chuoni ukakuta madawati yamepangwa uani, uliza nani ameyaunga na nani ameyapaka rangi.

Nije kwenye cheti, ambacho wazazi hukiuliza kwanza na mimi nimekiweka hapa makusudi.

Cheti kina uzito tofauti kwa fani tofauti. Kijana anayetaka kufunga umeme majumbani kihalali atahitaji leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na EWURA itamdai cheti. Hapo hakuna mjadala. Anayetaka kuingia kiwanda cha sukari au kampuni ya ujenzi wa reli naye atakutana na ofisi ya utumishi inayoanza na karatasi. Fundi cherehani wa soko la Ifakara hajawahi kuulizwa cheti na mteja yeyote. Anaulizwa gauni la Jumamosi litakuwa tayari Ijumaa? Mwashi vivyo hivyo, mpaka siku atakapotaka kazi ya mkandarasi mkubwa.

Kwa hiyo suala la FDC kutokuwa na cheti cha kitaifa, lililozisumbua kwa miongo kadhaa, liliumiza baadhi ya fani na likapita juu ya nyingine. Mwaka 2012 serikali iliamua FDC 25 zianze kufundisha kozi za mtaala wa VETA, na mafunzo ya namna hiyo yakaenea baadaye. Mwanafunzi wa FDC anayefuata mtaala huo anafanya tathmini ya ngazi za taifa kama mwenzake. Lakini ndani ya FDC hiyohiyo kunaweza kuwa na kozi fupi ya miezi michache na kozi nyingine ya chuo chenyewe, na zote tatu zikaitwa ushonaji kwenye tangazo moja. Mzazi asipouliza, atalipia moja akifikiri analipia nyingine. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, usajili wa vyuo vya ufundi stadi umewekwa chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, ambalo zamani lilikuwa NACTE na lilishughulika na vyuo vya kati peke yake. Ulizia namba ya usajili, na ulizia fani yenyewe imeidhinishwa mpaka ngazi ya ngapi. Ngazi ni tatu. Kuna vyuo vinavyoishia ya kwanza au ya pili, na anayetaka ya tatu atahama.

Kuna mlango mwingine ambao hautangazwi inavyostahili: VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi aliyejifunza gereji au kwenye saiti, bila kukaa chuoni hata siku moja, anapimwa kwa vitendo, mapungufu yake yanafundishwa, kisha anapewa cheti. Kwa kijana wa miaka 27 anayejenga nyumba tayari, nadhani huu ni uamuzi wa busara kuliko kumrudisha darasani miaka miwili na vijana wa kumi na saba.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali langu la pili, la nani anayekwenda kusoma, na hapa FDC zinainua kichwa.

Kwa miaka mingi kozi ndefu za VETA zilikuwa na mtihani wa kuchuja, kwa sababu waombaji walizidi nafasi kwa mbali. Ada yenyewe ilikuwa ya kuvutia: Sh 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na Sh 120,000 kwa bweni, kiasi ambacho sekondari ya binafsi hutoza kwa wiki chache. Kitu cha bei hiyo na chenye jina hugombewa, na kinapogombewa wanaopata ni wale waliomaliza shule karibuni, wanaokumbuka hesabu, wasio na mtoto wa kunyonyesha. FDC ziliundwa kwa mtu mzima anayejua kusoma na kuandika tu. Hazikumuuliza aliacha shule lini wala kwa nini.

Sifa hiyo ilionekana kama udhaifu mpaka siku ilipohitajika. Kwa muda mrefu msichana wa Tanzania aliyepata mimba alifukuzwa shule ya serikali na hakurudi. Serikali ilitangaza ruhusa ya kurejea mwezi Novemba 2021. Kabla ya tangazo hilo, shirika la Karibu Tanzania, KTO, lilikuwa limeshaanza kuwapokea wasichana hao kupitia FDC kwa programu ya Elimu Haina Mwisho. Wanasoma sekondari kwa miaka miwili, wakipita Mtihani wa Maarifa na kisha wa kidato cha nne, huku wakijifunza ufundi, na mtoto analelewa palepale chuoni. Waulizeni walioendesha mabweni: bweni la kawaida la chuo cha ufundi halina mahali pa kumlaza mtoto wa miezi minane, halina wa kumwangalia mama akiwa karakana, na matroni wake hana hamu ya kulianza jambo hilo. FDC ziliweza kwa sababu tangu mwanzo zilizoea mwanafunzi anayekuja na maisha yake yote.

Naona wapangaji wetu hawajaipa FDC alama inayostahili kwa hilo. Kila ripoti ya vyuo huhesabu wahitimu, ngazi na ajira, na kwa vipimo hivyo FDC itashindwa daima, kama vile zahanati itakavyoshindwa na hospitali ya rufaa kwa idadi ya upasuaji. Ingehesabu umri wa wanaoingia, idadi ya wenye watoto, na walioacha shule zamani, mambo yangepinduka.

Umbali nao ni ada, ingawa hauandikwi kwenye fomu. Morogoro ni mkoa mkubwa wenye halmashauri tisa na watu zaidi ya milioni tatu, na vyuo vyake havikutawanyika kwa haki. Kutoka Ifakara hadi Kihonda ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Mikumi. Malinyi na Ulanga ziko ng'ambo ya mto Kilombero. Kabla ya kujengwa daraja, aliyetoka huko alisubiri kivuko, na masika yakikolea alisubiri zaidi. Kwa familia ya Malinyi, Sofi ndiyo chuo, na kuilinganisha na Kihonda ni mazungumzo ya watu wenye nauli. Bweni la Sh 120,000 lilikuwa bei rahisi mpaka ujumlishe godoro, ovaroli, buti, vifaa vya kuanzia, nauli za likizo, na ile simu ya usiku: baba, hela imeisha. Kijana anayesoma jirani anarudi nyumbani jioni na kulima Jumamosi. Kuna ambao kilimo hicho ndicho kinachowalipia chuo.

Dakawa inafaa itajwe kwa sababu nyingine. Mahali pale, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipewa ardhi na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kupewa Mazimbu, na kikajenga makazi na karakana kwa ajili ya watu wake waliokimbia ubaguzi wa rangi. Walipoondoka mwaka 1992 waliikabidhi serikali majengo, na Mazimbu sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Vijana wa Mvomero wanajifunza ufundi mahali palipokuwa uhamishoni kwa wengine. Kujua hilo hakusaidii kuchagua chuo, lakini mkoa huu una kawaida ya kusahau vitu vyake.

Nirudi kwenye sera, maana upepo unavuma upande mmoja. Serikali imeamua kila wilaya iwe na chuo cha VETA, na sera ya elimu iliyozinduliwa upya Februari 2025 inaweka mkondo wa amali sekondari, ili mwanafunzi afike kidato cha nne akiwa na ujuzi mkononi. Mambo mema. Hofu yangu ni kwamba FDC zinavutwa zifanane na VETA mpaka zipoteze ule upana wa mlango wake. Zikishafundisha mtaala uleule kwa masharti yaleyale, zitakuwa VETA zenye karakana mbovu, na hakuna atakayekuwa na sababu ya kuzichagua.

Ningeshauri kinyume chake. Zibaki na masharti yake mapana, kozi fupi, mashamba na malezi ya watoto, na zipewe fedha ya vitu vinavyokwisha, kwa uwiano wa wanafunzi, kutoka kwenye tozo ileile ya SDL. Waajiri watasema wao wanahitaji mafundi wa viwandani, hawalipii ushonaji wa kijijini. Hoja hiyo ina nguvu kidogo kuliko inavyosikika. Kiwanda cha sukari kinategemea wakulima wa nje wanaokiuzia miwa, na wakulima hao wanategemea mwashi, fundi baiskeli na fundi pampu ambao kiwanda hakitawaajiri kamwe. Tena ikiwa tozo iliweza kulipia shahada za uhasibu, haitashindwa kulipia mbao.

Lililobaki ni toolbox, au sanduku la vifaa kama tulivyoliita zamani, ambalo vyuo vya aina zote mbili vinalitupia familia. Mhitimu wa useremala bila randa, msumeno na patasi ni mtu mwenye hadithi nzuri. Fedha za asilimia kumi za halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zilizosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, zinaweza kusaidia. Tatizo ni kwamba kwa kawaida hutolewa kwa kikundi, na fundi wa kwanza kabisa katika kitongoji chake hana wa kuunda naye kikundi. Vyuo vinavyowafundisha wanafunzi kusajili kikundi wakiwa bado darasani vinawafanyia jambo kubwa kuliko somo la ujasiriamali lenye kurasa mia. Uliza kama chuo unachokitazama kinafanya hivyo. Wengi wataitikia ndiyo. Omba kuonyeshwa cheti cha usajili cha kikundi cha mwaka jana.

Na uchague siku ya kwenda. Mwaka wa masomo wa kozi ndefu huanza Januari, na wazazi wengi hutembelea vyuo wakati huo, stoo ikiwa imejaa na kuta zimepakwa chokaa. Nenda Septemba au Oktoba, fomu zikiwa zinatolewa, saa nne asubuhi, siku ya katikati ya wiki, bila miadi. Usiingie ofisi ya mkuu kwanza. Pita karakana ya fani unayoitaka, uhesabu wanafunzi wanaofanya kazi na wanaotazama, kisha umwombe mtunza stoo akuonyeshe kilichobaki.